Kundi la Wasio na Nzi

Ujumbe ulionaswa wa wafanya magendo uliingia saa nane kasorobo mchana.

"Chumvi imefika Industrial Area. Mapipa arobaini. Kazi saa kumi."

Zaki Abdurahim aliusoma mara moja, akaufuta. Chumvi hiyo haikuwa chumvi. Ilikuwa formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, iliyovushwa mpakani kwa magendo. Saa kumi, mbuzi mia mbili waliochinjwa wangetumbukizwa humo ili nyama isioze. Kesho yake ingepikwa kwenye karamu ya shule moja ya msingi.

Watoto elfu moja.

Zaki alitema mate nje ya dirisha la gari lake, Probox. Katika miaka kumi na tisa ya ujasusi alikuwa amekamata bunduki, pembe za ndovu na dhahabu bandia. Mtu wa kumlisha mtoto dawa ya maiti hakuwahi kukutana naye.

Simu ililia. Adoyo, mkuu wake.

"Amri zao hutoka kwa simu moja," alisema Adoyo. "Kila Jumamosi mchana kama leo simu hiyo iko Buruburu, duka la michezo ya mezani, juu ya kinyozi."

"Nalijua."

"Unalijuaje?"

"Ni la binti wa kaka yangu."



"Basi ingia. Nataka mtu, na nataka ghala. Industrial Area yote ni maghala. Tukianza kupekua moja moja, watahamisha mzigo."

Yumna alimsikiliza ami yake jikoni, nyuma ya duka, huku akijaza chupa ya chai. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo. Wachezaji walijifanya mashujaa wa nchi ya kubuni, naye akawasimulia yanayowakuta.

"Nataka uwaingizie mchezoni kundi la wafanya magendo, nione nani anawajua," alisema Zaki. "Waeleze lilianza lini, kiongozi wake nani, linataka..."

"Ami, hiyo ni hotuba. Watalala." Yumna alifunga chupa. "Kundi jipya halianzi na historia. Linatokea na kufanya kitu kimoja ambacho mtu hawezi kukisahau. Niambie tu, hawa watu wakipita sokoni, utajuaje ni wao?"

Zaki alifikiri. Baba yake alikuwa mchuuzi wa nyama katika soko la mbuzi la Kiamaiko.

"Nyama yao haina nzi. Dawa huwakimbiza."

Yumna alikunja uso. "Ya Rabbi. Hiyo hawataisahau."

Wachezaji walikuwa watatu. Celine, msusi. Nzuki, fundi wa kuchomelea vyuma. Na Wahome, muuzaji wa majokofu ya nyama, shati jeupe chini ya koti, kucha zinang'aa, mikono inanuka losheni ya maua. Zaki aliketi mwisho wa meza kama mgeni, kifaa cha mawasiliano kikiwa sikioni mfano wa mashine ya viziwi. Mbele yake kulikuwa na chupa ya chai, masanamu ya plastiki na dadu ya pande ishirini.

Watu wazima hawa. Alitamani kuondoka.

"Mko langoni mwa soko," Yumna alianza. "Wanakuja watu wenye kanzu za kijivu. Hawasalimu. Mmoja anashika mkono wako, anaunusa, ndipo anakuachia."

Nzuki alijinusa kiganja. "Mimi nimekwisha. Grisi tupu."

"Nyuma yao kuna akina mama wenye vikapu. Wakishauza wanaondoka kinyumenyume. Hawakupi mgongo hata kidogo."

"Hao ni wezi," alisema Celine.

"Au wanaona mwizi ni wewe."

Walicheka. Yumna alishusha sauti.

"Kundi la tatu linashusha mbuzi aliyechunwa. Wanamtundika juani. Nzi wa soko zima wanakuja. Wanamzunguka." Akazungusha kidole hewani. "Wanaondoka. Hakuna hata mmoja anayetua."

Celine alirudisha sambusa kwenye sahani.

"Aii, Yumna! Na vile kesho shuleni kwa Shiro wangu kuna pilau ya mbuzi!"

"Watoto wale washibe," alisema Wahome bila kuinua macho.

Zaki alimtupia jicho Wahome. Lakini maneno hayo hayakutosha kuwa ushahidi. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Kundi la wajinga," Zaki alisema kwa sauti. "Dawa yao ingenuka mji mzima. Wangekamatwa siku ya kwanza."

Wahome alikuwa amesahihisha kila mtu kwenye meza ile kwa miaka miwili. Hili nalo hakuweza kuliacha.

"Mzee, wewe ni mgeni, hujui kupanga. Ghala unaliweka nyuma ya kiwanda cha sabuni. Sabuni ikichemka, hakuna pua itasikia kitu kingine. Na nyama hutumbukizi ikiwa bado ya moto. Unangoja ipoe, ndio ishike."

Celine na Nzuki waligeuka kumtazama.

"Wahome," Yumna alisema polepole. "Mimi sijasema wanatumbukiza."

Zaki alikuna sikio. "Sabuni," alinong'ona.

"Upande ule kiwanda ni kimoja tu," Adoyo alijibu. "Dakika tisa."

Mkono wa Wahome ulishuka chini ya meza. Simu. Kidole tayari kwenye kitufe.

Zaki aliinua chupa, akammiminia chai ya moto mapajani.

Wahome alipiga yowe, simu ikaanguka. Mkono wa pili uliingia ndani ya koti. Haukutoka. Bastola ya Zaki, Ceska, ilikuwa imeshagusa shavu lake.

"Toa polepole. Mtupu."

Mkono ulitoka mtupu. Zaki aliitoa bastola iliyokuwa kotini na kumfunga pingu.

"Mzee, tuongee," Wahome alihema. "Kila mtu hula hii kitu. Hata wewe umekula."

"Ndiyo maana nataka kutapika."

Celine alisimama. "Pilau ya Shiro?" aliuliza.

Zaki alitikisa kichwa kukubali.

Celine alivua kandambili, akamwendea Wahome. Zaki aligeukia dirishani, akatazama barabara mpaka Celine alipomaliza.

Saa kumi kasoro dakika nne, kifaa cha sikioni kilinguruma.

"Tuko ndani," alisema Adoyo. "Mapipa arobaini. Thelathini na tisa yamefungwa."

"La arobaini?"

"Limefunguliwa. Mbuzi wa kwanza bado yuko kwenye ndoano. Hajaguswa."

Zaki alishusha pumzi. Alimkabidhi Wahome kwa maafisa waliopanda ngazi, kisha akanawa mikono mara mbili. Harufu ya losheni haikutoka.

"Ami," Yumna aliita, akikusanya masanamu. "Jumamosi ijayo unarudi?"

"Madude haya? Sirudi."

Saa kumi na moja alisimamisha Probox Kiamaiko. Ayanle, muuza nyama, alikuwa akipunga gazeti juu ya paja la mbuzi. Nzi watatu walikuwa wametua.

"Samahani, mzee, hawa wadudu..."

"Waache."

"Nini?"

"Usiwafukuze. Nipimie kilo moja, hapo hapo walipokaa."

Alilipa, akachukua furushi na kuondoka bila haraka. Nzi mmoja alimfuata hadi kwenye gari.

Alimfungulia mlango.