Mbinya Alipofunga Mkanda

Gurudumu la sanduku la Mbinya lilikatika katikati ya soko la Kalundu, watu wamefurika, naye yuko ndani ya sare ya kazi: sketi ya samawati iliyomkaa vizuri, skafu nyekundu shingoni, viatu vya visigino vilivyokwisha kugeuka rangi ya vumbi la Kitui. Mwanamume aliyesimama mlangoni mwa duka la spea za pikipiki akacheka bila haya.

"Madam, mtu wa ndege anashindwa na tairi?"

"Badala ya kucheka, si unisaidie?"

"Nasaidia nikicheka. Ni service moja."

Akalifunga gurudumu kwa waya, akakataa pesa, akaomba namba. Aliitwa Kiilu, kwao Kiboko, na alikuwa na tabasamu la mtu anayejua anapendeza. Mbinya akampa namba huku akijifanya hataki.

Penzi likashika moto. Kila ndege ilipotua, simu ya kwanza ilikuwa ya Kiilu.

"Mwendwa wangu, umefika?"

"Nimefika, babe."

"Leo umepita juu ya kwa mamangu?"

"Nimempungia mkono, akaninyamazia."

Kiilu alimtangaza mpenzi wake kwa kila mteja, hata asiyeuliza. Siku ya ntheo ikapangwa, zile mbuzi tatu ambazo kwa Wakamba, usipozipeleka, huyo mwanamke si wako hata mzeeke pamoja.

Siku chache kabla ya hapo, ndege ya kwenda Mombasa ilikumbana na hewa iliyochafuka. Mbinya na mwenzake Mulei walikuwa wakigawa chai. Sauti ya Kapteni Wangechi ikapasua spika: "Crew, kaeni! Sasa hivi!"

Bibi mmoja alimshika Mbinya sketi, analia, "Usiniache, mwanangu!" Mbinya akamkaza mkanda, akavibandua vidole vyake kimoja kimoja, akakimbilia kiti chake cha nyuma na kujifunga mabegani. Roho ilimuuma vibaya sana. Mulei alikuwa bado anahangaika na toroli la chai. Ndege ikaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, Mulei akagonga dari, akashuka na mkono uliovunjika.

Ilipotulia, mhudumu mzima alikuwa mmoja tu. Mbinya alifunga mkono wa Mulei kwa skafu yake, akazuia damu kwenye paji la mfanyabiashara mmoja, akampa bibi yule maji na kumpapasa mgongo mpaka akaacha kutetemeka. Mombasa, Kapteni alimpa mkono mbele ya abiria wote. Mbinya akashuka ngazi kichwa juu.

Lakini abiria mmoja alikuwa amerekodi kipande tu: bibi analia, Mbinya anakwenda kukaa. Kufikia jioni Kitui nzima imekiona. Kiilu akapiga.

"Mbinya, nimeona video. Ulikaa kwa nini na huyo mama analia?"

"Hiyo ndiyo salamu yako?"

"Watu wananicheka hapa dukani! Hata mwaitu, mamangu, anauliza, siku mtoto wangu akiwa kwa shida, utakaa pia?"

"Mwambie mamako nitakaa!"

Akakata simu, akalia mpaka mto ukalowa. Kiilu alipopiga tena, hakushika.

Wazee wakishaalikwa, hawarudishwi. Siku ikafika, wageni wa Kiboko, Kiilu na mamake mbele, wakaingia uani kwao Mbinya na mbuzi zao tatu. Mbinya akatoka na gauni la kitenge cha kijani, shingo wima. Alimwona Kiilu amekonda, na akajua bado anampenda. Baba yake, mzee Musyimi, akauliza kama desturi ya nyumba yao ilivyo: "Mbinya, tuzipokee?"

"Bado, baba. Kiilu aniulize swali lake hapa mbele ya watu."

Kiilu akasimama. "Ulikaa kwa nini?"

"Kwa sababu nikivunjika mimi, hao abiria wanabaki na nani? Mulei alichelewa kukaa, na mkono wake nilifunga mimi. Yule mama nilimkaza mkanda kwanza, ndio nikakaa, ndio nikabaki mzima wa kumsaidia. Hiyo ndiyo kazi yangu. Najivunia, na siiachi. Kama haikupendezi, beba mbuzi zako."

Kiilu akavua kofia. "Mwaitu, wazee, mwoga ni mimi. Niliogopa kuchekwa na watu wa duka." Akamgeukia Mbinya, sauti ikamkatika. "Mwendwa, uliumia mahali?"

"Hilo ndilo swali nililongoja," Mbinya akasema, na machozi yakamtoka mbele ya wote.

Mama Kalunde, mamake Kiilu, akakaza leso yake, akamtazama msichana yule kutoka juu mpaka chini.

"Na siku nikipanda hiyo ndege, mkanda utanifunga wewe mwenyewe?"

"Nitaukaza mpaka ulalamike, mwaitu."

Wanawake wakapasua vigelegele. Mzee Musyimi akajifuta uso kwa kitambaa, akasingizia jua, kisha akauliza tena kama zipokelewe.

"Zipokee, baba," Mbinya akajibu. "Lakini tuharakishe. Kesho naruka."