Paka Aliyechorwa Hai

"Huyo paka mkia wake mwembamba mno," alisema mwanamke aliyesimama nyuma ya Joss Thackray kwenye foleni ya chai, stesheni ya Leeds. "Paka wa ukoo wa Mawe Meusi wana mikia minene, yenye pete."

Joss, aliyekuwa akichora juu ya mfuko wa karatasi wa andazi, aligeuka. Akaona koti la njano na nywele nyekundu zilizolowa mvua.

"Na wewe ni nani, daktari wa mifugo?"

"Mimi ndiye ninayeandika mwongozo wao."

Kumbe ndiye Rowena Ibbotson, mtunzi wa miongozo ya zile hadithi za watoto za paka mwitu: kila paka ni wa ukoo gani, macho yake rangi gani, alikufaje. Treni ya Joss iliondoka bila yeye. Kabla majira ya baridi hayajaisha, alikuwa mchoraji wa mwongozo mpya na mpenzi wa mtunzi wake.

Watoto wanaosoma hadithi hizo hawana mchezo na miongozo yake. Ukikosea rangi ya ukucha mmoja, watakuandama. Ndiyo maana Rowena alikuwa na desturi ya kukagua kila mchoro kabla haujaenda kuchapwa. Sasa mwongozo ulipotoka, kwenye picha kubwa ya koo zote, akaonekana Ukungu, paka jike aliyekufa katika kitabu cha mwisho, ameketi katikati ya walio hai.

Rowena akapiga simu.

"Joss, umenifanyia nini?"

"Mpenzi, si ulimlilia mpaka ukashindwa kula? Nilitaka kukuchekesha. Nilijua ukikagua utamwona, utaniambia nimfute."

"Sikukagua."

"Wewe? Unayekagua mpaka masharubu?"

"Ilikuwa kazi yako. Nilipitisha bila kutazama kwa sababu ni yako. Watoto wanauliza kama amefufuka. Mwandishi wa hadithi amewaka kwa hasira. Fenella wa uchapishaji anataka Jumamosi nikiri mbele ya watu, kisha mwongozo apewe mwingine. Usinipigie tena."

Joss alipiga tena. Hakupokelewa.

Jumamosi duka la vitabu huko York lilijaa watoto waliochorwa masharubu, na mama zao wenye miavuli iliyochuruzika. Rowena alikaa mbele, gauni jeusi, uso umempauka. Fenella, mkuu wa shirika la uchapishaji, alisimama pembeni yake kama askari jela.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Ukungu yuko hai?"

"Hapana," alisema Rowena. "Ni kosa la—"

"Langu," alisema Joss kutoka mlangoni, amelowa chapachapa. Watu wakampisha. "Ukungu amekufa. Nilijua, nikamchora hai makusudi. Kuna mtu nampenda alikuwa akimlilia, nikashindwa kuvumilia. Huyo mtu kwa habari za paka hakosei. Alikosea kuniamini mimi."

"Huko ni kudanganya," alisema yule msichana.

"Ndiyo. Nilidanganya."

Fenella hakupandisha sauti. "Bwana Thackray, hutatuchorea tena. Rowena, mwongozo unabaki wako. Endelea kusaini vitabu."

Joss aliinamisha kichwa, akatoka. Rowena aliacha kalamu mezani, akamfuata hadi kwenye mvua. Alikuwa na hasira, tena nyingi, na alimpenda vilevile.

"Nani alikuomba uje?"

"Hakuna."

"Umepoteza kazi, mjinga wewe."

"Najua. Ilikuwa yako au yangu."

"Kilichoniuma si kazi, Joss. Kutwa nzima nakagua watu. Wewe ulikuwa mtu pekee ambaye sikumkagua. Nilikuwa napumzika kwako."

Joss alitazama viatu vyake, maji yakimtiririka shingoni.

"Basi sitakuomba uniamini," alisema hatimaye. "Nikague."

"Nitakukagua. Kila siku. Mpaka tuzeeke."

"Ro, hapo unanigombeza au unanichumbia?"

"Vyote. Jibu."

"Ndiyo."

Rowena alimvuta kola, akambusu mbele ya dirisha lililojaa nyuso zenye masharubu ya rangi. Kisha akarudi ndani kusaini, maana foleni ilikuwa ndefu. Joss alibaki nje mvuani akimsubiri, na kila Rowena alipoinua macho kutoka kitabuni, alitazama kama bado yupo.