Msitu Unaoita

Jua lilikuwa linazama nilipoingia kwenye kibanda cha mbao katikati ya msitu ulioungua, nikawasha spika. Kazi yangu haina makuu: nacheza sauti ya bundi iliyorekodiwa, halafu nasubiri bundi walio hai wajibu. Wanaojibu ndio waliobaki. Ndivyo tunavyopima vita vimekula nini porini.

"Wenzako wanafukuza bundi, wewe unawaalika," shemeji yangu alinitania aliponifikisha. Yeye ni kaka wa mke wangu, na kazi yake ni kutegua mabomu ya ardhini. Alikuwa amesafisha njia moja tu, nyembamba, akaizungushia utepe mwekundu pande zote mbili. Nje ya utepe ni mauti. "Na huku hatuitani kwa mdomo, shemeji. Tumia redio. Anayeitwa hukimbia, na anayekimbia hukanyaga."

Akarudi barabarani kuningoja.

Nikacheza sauti. Kimya. Nikacheza tena. Hata chura hakulia. Roho iliniuma, maana msitu huu niliujua ukiwa na kelele kama soko.

Nikacheza tena.

Kitu kikajibu.

Bundi! Nikacheka peke yangu kama mwehu. Akajibu tena, karibu zaidi... kisha harufu ya manyoya yaliyoungua ikajaa kibandani. Chini ya sakafu, sauti ya shemeji ikaniita taratibu.

"Shemeji..."

"Naam," nikaitika.

Mazoea yana tabu. Neno lilinitoka, na koo likakauka palepale. Nikajaribu kuuliza, "Nani?" Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Redio ikakoroma. "Shemeji, mbona kimya? Bado niko huku barabarani."

Nikabonyeza kitufe, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Ilitoka pumzi tu.

Ndipo nikaisikia sauti yangu. Yangu mwenyewe! Ilitoka nje ya utepe, upande ambao haujasafishwa.

"Shemeji! Nimekanyaga! Njoo!"

"Usisogee! Nakuja!"

Viatu vyake vikaja mbio. Akifika kwenye kona angeuruka utepe aifuate sauti, na mke wangu hana kaka mwingine. Nikasukuma mlango. Haukufunguka. Kuna kitu kilikuwa kimeuegemea upande wa pili...

Kinapumua.

Nikaikamata spika, nikaiongeza hadi mwisho, nikaielekeza dirishani. Bundi akalia, msitu mzima ukatikisika.

Viatu vikasimama.

Shemeji anajua siiachi spika hata nikifa; ikilia kibandani, nami nimo. Akaja kwa njia, hatua kwa hatua, akafungua mlango bila shida yoyote. Akanishika mkono kama mtoto, tukatoka. Nyuma yetu sauti yangu iliendelea kulia, ikiomba tusiiache.

"Nadhani na yeye anahesabu," alininong'oneza garini. "Anaita, anasikiliza nani amebaki."

Hospitalini hawakuona ugonjwa wowote kooni. Nikarudishwa nyumbani, bubu lakini mzima, nikamshukuru Mungu kwamba yale tumeyaacha porini.

Leo asubuhi mke wangu ameingia chumbani kutoka uani, ameshika koo, macho yamemtoka. Ameninyooshea kidole mimi niliyelala, kisha akaonyesha uani. Midomo yake imecheza bila sauti, nami nimeisoma.

"Si umeniita?"