Negativu Yenye Mistari

Jumanne saa tatu na dakika tano asubuhi, Fundi wa chumba cha giza katika ofisi ya wakaguzi wa majengo alifungua kabati la kukaushia filamu. Akaitoa negativu ya ukuta wa bohari, akainyanyua dirishani, kisha akakaa kitini.

Ukuta huo ulikuwa umeanguka saa kumi na moja alfajiri ya siku hiyo, ukamuua mlinzi wa zamu. Negativu, pana kama daftari la shule, ndiyo ingeonesha kama ulikuwa na ufa. Na pale pale pa kutazama ufa, ukingo wa kulia, palijaa mistari myeusi mizito. Picha ilipochapishwa, pakatoka weupe mtupu.

Sajini wa polisi alikabidhiwa kesi saa sita mchana, akiwa na nyingine nne mezani na goti lililokuwa likimsumbua tangu Ijumaa. Alipanda orofa tatu akizilaani ngazi moja moja. Kufika juu akakuta hukumu imeshatoka. Naibu Mkurugenzi alikuwa ameandika barua: Fundi ameharibu ushahidi, aachishwe kazi leo, na polisi wachunguze kama ni uzembe au ni makusudi. Sajini akaikunja barua na kuitia mfukoni. Alikuwa amechoka kuletewa kesi ambazo wakubwa wameshazimaliza.

Fundi, mwenye miaka thelathini na moja ya kazi ile, hakujitetea. Hilo lilimchosha Sajini kuliko ngazi.

"Niliisafisha jana saa tisa, mwanangu. Nikaiona haina doa. Lakini mikono hii inatetemeka siku hizi. Filamu usipoitikisa sawasawa kwenye dawa, inakolea huku, kule haikolei. Labda nilisinzia."

"Uliiona haina doa, au hukuiona?"

"Niliiona." Akayatazama magoti yake. "Nadhani."

Sajini alimwita mpiga picha, ambaye ofisi nzima ilimwita Twiga kwa urefu wake. Bawabu alishamnong'oneza Sajini kwamba Twiga na Fundi wana wiki mbili hawasalimiani, tangu mzee aseme mbele za watu kwamba majengo kwenye picha za Twiga yote yameinama kama yamelewa. Daftari la getini lilionesha Twiga aliingia asubuhi ile saa mbili kasorobo, akatoka saa mbili kamili. Kabla yake aliingia mtu mmoja tu, Naibu, saa kumi na mbili na nusu.

Twiga alikuwa na hasira, lakini majibu yake yalinyooka. Alikuja kuchukua kamera aende kwenye kifusi. Kusafisha filamu hajui, na hata angejua, robo saa haitoshi. Ufa aliuona Jumatatu, mwembamba kama unywele. Ndiyo maana wanatumia filamu kubwa, lakini bila picha nani atamwamini? Tena alipiga mbili, kama kawaida yake, moja mbele ya kasha la filamu na nyingine nyuma.

"Mbili?" Sajini akamgeukia Fundi.

Fundi akaeleza kwa upole kwamba husafisha moja kwanza, aone imetokaje, ndipo airekebishe ya pili. Ya pili, alisema, ilikuwa bado ndani ya kasha, kwenye droo. Walizima taa, mzee akalipapasa kasha gizani. Lilikuwa tupu.

"Basi labda nilizisafisha zote nikasahau," alisema.

Sajini nusura amfokee. Alimwonea huruma, na huruma ilimkera. Akavuta kiti, akamtaka asimulie upya alivyoitoa filamu kabatini, kitendo kwa kitendo. Ilikuwa kavu? Kavu, alisema mzee, ila kona moja ya chini ilikuwa bado mbichi. Na kabati lile hukausha kwa muda gani? Saa mbili.

"Ya jana saa tisa ingebaki mbichi mpaka leo?"

Mzee aliinua tena ile negativu, akaikagua kona ile.

Sajini akaomba rula. Mistari ilipangana kwa nafasi sawa, sentimita moja na robo, kuanzia juu hadi chini. Akauliza kama trei ya kusafishia filamu ikitikiswa vibaya huacha alama za namna hiyo.

"Hapana. Trei huacha mawingu. Hii ni ya fremu za chuma za kuning'inizia filamu, zina matundu ubavuni. Ukizivuta juu chini kwa pupa ndani ya tangi, dawa hupita matunduni kwa kasi, filamu inakolea hapo." Sauti yake ilianza kupata nguvu. "Lakini mimi nilizitupa stoo miaka minane iliyopita. Kwa sababu ya ugonjwa huu huu."

Stoo walikuta fremu kumi na moja zenye vumbi na moja iliyooshwa. Waliilaza kando ya negativu. Kila tundu likapata mstari wake.

"Nani mwingine anajua kuzitumia?"

Mzee aliirudisha fremu mezani. "Niliyemfundisha mimi. Kabla hajapanda cheo."

Saa kumi jioni Sajini alimwita Naibu chumba cha giza ashuhudie picha ikichapishwa upya. Naibu alisema ni kupoteza wakati, lakini alikuja. Chini ya taa nyekundu Fundi alilaza negativu juu ya karatasi, akawasha balbu, kisha akaziba kwa kadibodi sehemu nzuri na kuiacha ile yenye mistari ipigwe na mwanga mara sita zaidi. Karatasi ikaingia kwenye dawa.

"Uliingia saa kumi na mbili na nusu," alisema Sajini, "mlinzi akiwa bado chini ya matofali. Ya kwanza ukaiondoa, ya pili ukaiharibu. Kwa nini usizitupe zote?"

Naibu aliinamia trei. Humo ukuta ulitokea, ukafuata mlango, kisha ule ukingo wa kulia ukaanza kuingia kijivu. Ndani ya kijivu ukajichora ufa, kutoka paani hadi chini.

"Nilisaini Ijumaa kwamba ukuta ni mzima," alisema Naibu hatimaye, kwa sauti ndogo. "Sikwenda kuuona. Nilikuwa na majengo tisa siku hiyo. Zingepotea zote mngeuliza. Ikiharibika moja, ni mzee tu."

"Mimi tu," alisema Fundi.

"Nilijua hutabisha, Mzee. Ulishaanza kujisema mwenyewe kwamba mikono inatetemeka."

Sajini, aliyeshuhudia wengi wakikamatwa, alitamani mzee amzabe kofi. Hakumzaba. Alimwomba asogee, amemzibia bomba la maji.

Sajini akanyoosha mkono aichukue picha.

"Bado," alisema Fundi. "Dakika ishirini kwenye maji, la sivyo itageuka njano. Kaa."

Sajini na Naibu wote wawili wakakaa, na mzee akaendelea kuosha.