Sifuri Nne Kwenye Kasiki

Jumatano saa mbili asubuhi, mkuu wa shule alifunguliwa kasiki, sanduku la chuma la kufungwa kwa namba, akakuta bahasha moja ya mtihani wa hesabu haipo. Mlango haukuwa na mkwaruzo. Namba ya siri iliwekwa na kujulikana na mwalimu wa hesabu tu, mzee mwenye miaka thelathini kazini, na kufika saa nne alikuwa ameshasimamishwa, anasubiri barua ya kufukuzwa.

Mpelelezi alikuwa mama asiye na papara. Aliambiwa kwamba mzee, kwa kuhofia kuugua ghafla, aliwaachia makamu wa mkuu wa shule na karani kadi yenye fumbo badala ya namba: tarakimu nne, zidisha kwa nne, jibu ni namba ile ile ikisomwa kinyumenyume. Makamu alisema fumbo hilo lingemtoa jasho hata profesa, kwa hiyo mwizi ni mwenye fumbo. Kama si yeye, basi karani, maana ndiye hutoka wa mwisho.

Mama alisoma kumbukumbu za kasiki peke yake, hakumwonyesha mtu. Jumanne, saa kumi na dakika tano: 0000, imekataliwa. Dakika iliyofuata: 2178, imefunguka.

Makamu na karani walikuwa wamesoma pamoja kozi ya kompyuta. Akawaomba kila mmoja aandike programu ya kutafuta jibu. Karani aliandika mistari sita, akaanzia elfu moja. Kioo cha kompyuta kikatoa 2178 tu.

“Mbona hukuanzia sifuri?”

“Tarakimu nne, mama. Chini ya elfu nitafute nini?”

Makamu alianzia sifuri, kama walivyofundishwa. Kioo kikatoa majibu mawili: 0, kisha 2178.

“Sifuri mara nne ni sifuri, na hata ukiigeuza ni ile ile,” mama alisema. “Mzee angebonyeza namba yake moja kwa moja. Karani hapati sifuri. Aliyefungua kasiki alianza na sifuri nne.”

Makamu alikiri. Binti yake alikuwa ameshafeli hesabu mara mbili, na roho ilimuuma kumwona akilia tena.

“Bahasha iko wapi?”

“Nyumbani. Binti hakuifungua. Aliposikia mwalimu wake anafukuzwa, alisema mtihani wenyewe hafanyi. Hasemi na mimi.”

Mzee, aliyeitwa kusikiliza, alivua miwani akaifuta taratibu. Hakumtazama makamu.

“Mwambieni binti aje saa kumi,” alisema. “Hatujamaliza hesabu za sehemu.”