Kengele ya Kiti cha Kona

Ilianza na harufu. Chumba cha kusafishia damu kilikuwa na harufu zake zilizozoeleka: spiriti, plastiki mpya, dawa ya kudekia sakafu. Asubuhi hiyo, chini ya hizo zote, palikuwa na nyingine, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa. Muuguzi aliyeitwa Mwepesi alifunua mapipa yote ya taka. Hakuona kitu.

Jina hilo alipewa na wagonjwa kwa sababu ya mikono yake. Mashine ikilia, yeye alikuwa ameshaifikia kabla wengine hawajageuza shingo. Alibonyeza kitufe, ikanyamaza, akarudi alikokuwa.

"Huyu angekuwa kipa, tungebeba kombe," alisema Dereva, mzee aliyeendesha malori mpaka figo zake zilipogoma.

Dereva aliketi jirani na kiti cha kona, ambacho hakikuwa na mtu. Mwepesi alikuwa amemwinamia mzee, akifungua mrija uliochomoza kifuani pake. Mrija ule haukuishia kwenye ngozi. Uliingia kwenye mshipa mkubwa na kwenda hadi karibu na moyo, na kinga yake pekee kwa nje ilikuwa vifuniko viwili vidogo. Alikuwa ameshaviondoa.

Tii, tii, tii. Mashine ya kona ikalia.

Mkono wa Mwepesi ulikwenda wenyewe. Ulibonyeza, ukarudi kwenye mrija uliokuwa wazi, na glavu zilezile.

Damu ilipokuwa inazunguka, Dereva akajikunyata. "Jamani, nani kafungua dirisha?"

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Meno ya mzee yakaanza kugongana, kisha mabega, kisha kiti chenyewe kikawa kinatetemeka naye. Walimkimbiza wodini. Hakurudi. Daktari alisema vijidudu vimeingia kwenye damu kupitia mrija, na alisema kweli. Ila hakusema vililetwa na nani.

Baada ya Dereva alitetemeka binti muuza vitambaa, naye akapona chupuchupu. Kwake pia ilitangulia harufu, ikafuata kengele ya kona, halafu swali lilelile la dirisha.

Msimamizi wa chumba alikuwa mama mtu mzima. Wote walimwita Mama Sabuni, maana ukimpa mkono umsalimie, alikuonyesha kwanza bomba la maji. Alimvuta Mwepesi pembeni, akanong'ona.

"Mashine ya kona ilipolia jana, nani aliizima?"

"Mimi, Mama."

"Na siku ya Dereva?"

"Mimi."

Mama Sabuni aliinama nyuma ya kiti, akainua waya wa umeme. Plagi ilikuwa imeviringishwa na kufungwa, vumbi limeilalia. "Haijachomekwa tangu fundi alipoikataa."

"Lakini niliona taa yake!"

"Sema polepole. Najua uliiona." Alitazama mlangoni. "Nilikutana naye kule nilikofanya kazi zamani. Nilidhani nimemwacha hukohuko. Jini huyu hana mikono, mwanangu. Kwa hiyo anaita, na anamwita mwenye mkono mwepesi. Ukigusa tu, anapanda kwenye glavu, na wewe mwenyewe unambeba mpaka mlangoni kwa mgonjwa, na mlango umeshaufungua."

"Basi tuiondoe hiyo mashine."

"Kule tuliiondoa. Akalia bila mashine."

"Tumwite mganga?"

"Mganga atamfukuza vipi, na sisi ndio tunaompakata? Mnyime mkono. Alie mpaka achoke. Wewe osha, sugua, acha ikauke. Na mashine ya mgonjwa wa kweli ikilia, mwite mwenzako, au funga kwanza ulichofungua, vua glavu, unawe, ndipo uende."

Kesho yake ilikuwa zamu ya Shangazi kusafishwa damu. Huyu ndiye aliyemlea Mwepesi tangu hajaota meno, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita mwanangu kwa haki kama yeye.

"Mbona uso kama umelamba shubiri?" aliuliza akijiweka kwenye kiti cha Dereva, jirani na kona.

"Vaa barakoa, Shangazi. Geuza uso kule."

"Mpaka lini nitaangalia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa?" Lakini aligeuka.

Nje mvua ilikuwa imelifanya jua la mchana lizime. Mwepesi alinawa, akavaa glavu, akahakikisha vibano vya mrija vimebana, akaondoa kifuniko cha kwanza. Ile harufu ikapanda kutoka sakafuni, nzito, ikapita ndani ya barakoa yake kana kwamba hakuvaa kitu.

Tii, tii, tii.

Hakugeuka. Kengele ikaongeza sauti, wagonjwa wakaanza kuguna, mmoja akasema "Sista, izime basi, vichwa vinapasuka," na taa zikafifia zikarudi, na katika kurudi kwake kengele ikawa si kengele tena bali sauti ya Dereva ikiuliza nani kafungua dirisha, kisha ikawa sauti laini ikimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelijua humo ndani ila Shangazi, na Shangazi alikuwa kimya, na Mwepesi akauona mkono wake wa kulia ukiachana na kifua cha shangazi yake na kunyooka polepole kuelekea kona, kidole kimetangulia, akauvuta kwa nia yake yote na mkono ukaendelea kwenda, mpaka kati ya kidole na kile kitufe ikabaki nafasi ya kupita karatasi.

"Mkono una haraka ya kwenda wapi?"

Alikuwa Shangazi, uso bado ukutani. Ndivyo alivyokuwa akimwambia alipokuwa mdogo, akimshika kifundo kila alipodonoa chakula kabla wenzake hawajanawa.

Kidole kikasimama. Mkono ukarudi kuwa wake.

Akafunika mrija. Akavua glavu, akanawa hadi kwenye viwiko, akavaa nyingine. Akafungua upya, akasugua ncha kwa spiriti, akazunguka na kuzunguka, akaacha ikauke yenyewe bila kupuliza, bila kupepea. Kengele ililia, ikabembeleza, ikatukana, mwishowe ikakwama kama mtoto aliyelia hadi akasinzia. Harufu ikaondoka.

Damu ya Shangazi ikaanza kuzunguka. Mwepesi alisimama pale akimtazama midomo, mabega, vidole. Chumba kizima kilimtazama. Mama Sabuni alipita akamgusa Shangazi paji la uso, akatikisa kichwa kwa furaha. Hana homa.

"Unasikia baridi, Shangazi?"

"Nasikia njaa," alijibu Shangazi. "Na mkinitazama hivyo nitawadai kiingilio."

Watu wakacheka. Mama Sabuni, aliyekuwa kazini tangu alfajiri, alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanawa, akavaa glavu, akaenda kumhudumia mgonjwa aliyeitwa Msusi, kwenye kiti cha upande wa pili wa kona. Mwepesi akaenda kwenye bomba, akafungua maji, akalia kidogo humohumo ndani ya sauti ya maji.

Nyuma yake kengele ikalia. Tii. Mara moja tu, ikakatika.

Aligeuka na povu mikononi. Mama Sabuni alikuwa bado amemwinamia Msusi, akimpigia hadithi, mrija uko wazi, na mkono wake wa kulia ndio kwanza ulikuwa unarudi kutoka kona. Kabla Mwepesi hajapata sauti, mkono ule mzoefu ulikuwa umeunganisha, umekaza, umefungua vibano.

"Mama," alinong'ona. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?" Mama Sabuni aliuliza. Kisha akautazama mkono wake, na cheko likamfutika usoni.

Kitini, Msusi akakunja mikono kifuani.

"Jamani," alisema, "nani kafungua dirisha?"