Ukuta Uliojua Jina Lake

Picha ilianza kunuka siku ya tatu tangu itundikwe ukutani.

Kheir hakuwa akipiga picha za watu. Alipiga chokaa iliyobabuka, kutu za milango na ukungu wa dari, akiisogeza kamera karibu mpaka kitu kinapoteza jina lake kinabaki rangi tupu. Alitaka mtu aitazame buluu asikie baridi, aitazame manjano asikie kelele. Jirani yake wa Mkunazini, Bi Biasha, alimtania kuwa anazipiga kuta picha utadhani zinaolewa.

Lakini hii, aliyoipiga kwenye gofu la hamamu, bafu la kale, kule Mtoni, ilinuka kikweli. Ilinuka kikuba: asumini, mrehani, na jasho kidogo la kifua kilichokivaa. Mkewe, Shahida, alikuwa akivaa kikuba kila Alkhamisi. Alifariki mwaka juzi na hawakujaaliwa mtoto. Tangu azikwe, wiki nzima iliweza kupita ndani ya nyumba ile bila ya Kheir kuitwa na mtu. Aliumwa na upweke huo, na hakuwa na wa kumwambia.

Hakuitoa picha. Alisogeza kiti karibu nayo.

Siku ya nne weupe wa chokaa ulikuwa na sauti, ya kanga inayobururwa sakafuni, ya kijiko kinachogonga kikombe. Akiitazama kona yenye kijani, ulimi ulipata chumvi. Siku ya tano, aliporudi kusali Alasiri, picha ilimwita.

"Kheir."

Sauti ilikuwa ya Shahida. Alifungua mdomo, akaufunga, akashuka ngazi mbio mpaka mlango wa pili.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba. Mbona umesawajika?"

Alimweleza kwa kunong'ona. Bi Biasha akauweka chini ungo wa mchele.

"Ulipiga hodi kule hamamuni?"

"Sikupiga. Gofu lile, bibi, nani wa kuniitikia?"

"Basi yupo, na sasa yeye ndo anapiga hodi kwako. Umemwitikia?"

"Bado."

"Basi hajaingia. Asiyeonekana haitikiwi, mwanangu. Naam yako ndo karibu yake. Kesho asubuhi nnakwenda na wewe kwa Mwalimu Borafya, aje aisomee dua hiyo picha. Leo utalala kwangu, ukumbini."

Kheir akasema, "Shahida hajapata kuniita jina, bibi. Miaka kumi na tisa. Alikuwa akiniita mwenzangu."

"Heshima yake hiyo. Kwa hivyo unajua kuwa si yeye."

"Najua."

Alirudi kuchukua mto tu. Harufu ilimpokea kwenye ngazi, nzito, ikawa joto alipofika juu, na joto likawa weupe uliojaa chumba kizima, na ndani ya weupe ule alisikia kanga ikibururwa kutoka jikoni mpaka nyuma ya kiti chake, akahisi chumvi ikimtambaa ulimini, akaushika mto kwa mikono miwili asigeuke, akajaribu kusoma Ayatul Kursiyu ikampotea katikati, na pale pale akaitwa tena, taratibu, kama anavyoitwa mtu ambaye chakula chake kinapoa, "Kheir," naye alijua vyema kuwa si Shahida, alijua kuwa Shahida asingethubutu, na alijua pia kwamba kesho picha ikisomewa hakuna atakayemwita tena ndani ya nyumba hii mpaka afe.

"Naam," akasema.

Bi Biasha alingoja. Alitandika kitanda ukumbini, akasali Magharibi, akangoja tena. Mwisho alijitanda kanga akaenda kusimama chini ya dirisha la Kheir. Harufu ya kikuba ilikuwa imeshuka mpaka barazani.

"Kheir!"

Akaita tena.

"Kheir, mwanangu!"

Juu, dirisha likafunguka kidogo. Sauti iliyojibu ilikuwa ya Kheir mwenyewe, nzito ile ile, ila iliitika kama wanavyoitika wanawake.

"Abee, Bi Biasha. Karibu. Mwenzangu amelala."